Nani hulipia busta? Pesa inayojenga mtandao wa simu hadi Keringet

Katika mikutano ya wadi kuna swali ambalo halikosi kuulizwa. Barabara ikishatajwa, na maji, na dawa za zahanati, mtu husimama kule nyuma na kusema: na busta je? Hizi kampuni za simu hutangaza faida ya mabilioni, mbona haziwezi kutuletea moja hapa kwetu?

Swali hili ni zito kuliko linavyosikika. Mkulima aliyesajiliwa kupata mbolea ya ruzuku hutumiwa ujumbe wa simu kabla ya kwenda ghalani kuichukua. Usajili wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hufanywa kwa simu kupitia *147#. Malipo ya maziwa na ya majani chai huingia kwa simu. Mnunuzi wa viazi anayetoka Molo au Nakuru hupiga simu kwanza ndipo awashe lori, na akikukosa hewani anampigia jirani yako. Katika nchi ya vilima na mabonde kama Kuresoi Kusini, kuanzia Keringet hadi Olenguruone, Kiptagich na Tinet, boma mbili zinazoonana kwa macho zaweza kutofautiana kabisa: moja inashika mtandao jikoni, nyingine watu wake hupanda kilima wakitaka kutuma pesa.

Makala haya yanaeleza pesa ya kujenga mtandao hutoka wapi, kwa nini hufika mahali pengine mapema na pengine huchelewa, na wewe mkazi una nafasi gani ya kusukuma mambo. Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba chini ya Jedwali la Nne la Katiba, mawasiliano ya simu ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kaunti haitoi leseni za simu. Lakini hutoa vibali vya ujenzi, hutoza ada, na husimamia barabara na ardhi ya umma iliyo chini yake, kwa hivyo mkono wake umo.

Enzi ya kungojea laini

Hadi 1977 simu za Kenya zilikuwa chini ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka huo, Kenya iliunda Shirika la Posta na Simu, KPTC. Shirika hilo lilikuwa mwenye duka na pia mkaguzi wa duka. Liliuza huduma, liliamua bei, na lilijidhibiti lenyewe. Pesa ya kupanua mtandao ilitoka kwa ada za simu, kwa Hazina ya Kitaifa, na kwa mikopo kutoka nje, ikiwemo ya Benki ya Dunia.

Njia hiyo haikufika mbali. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa na laini za mezani takriban 300,000 tu, na Wakenya walikuwa wanakaribia milioni 30. Aliyeomba laini alingojea miaka. Mashambani simu ilikuwa kitu cha posta, cha kituo cha polisi, cha hospitali ya misheni, au kibanda cha sarafu ambacho mara nyingi kilikuwa kimeharibika. Serikali iliyokuwa na shule, hospitali na mishahara ya kulipia haikuwa na sababu ya kutanguliza waya wa kwenda Tinet.

Sheria ya Mawasiliano ya 1998 ilibadilisha mpango huo. Mwaka 1999 KPTC iligawanywa kukatokea Telkom Kenya, Shirika la Posta, na tume ya kudhibiti sekta, ambayo leo inaitwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mlango ukafunguliwa kwa fedha za kibinafsi. KenCell, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Celtel, Zain na sasa Airtel, ililipa dola milioni 55 ili kupata leseni na ikaanza kazi mwaka 2000. Mwaka huo huo Vodafone ya Uingereza ilichukua asilimia 40 ya Safaricom, kampuni iliyokuwa imeanza kama idara ndogo ndani ya KPTC na ambayo wakati huo haikuwa imefikisha wateja 20,000.

Mteja ndiye aliyekopesha

Watu wengi hudhani kwamba mtandao ulijengwa na wazungu waliokuja na mifuko ya pesa. Mtaji wa kutoka nje ulikuwepo, na ulihitajika, kwa sababu mitambo hununuliwa kwa dola. Lakini sehemu kubwa ya upanuzi ililipwa na pesa ndogo ndogo za wateja, na chombo kilichowezesha hilo kilikuwa kadi ya kukwangua.

Fikiria jinsi simu ya mezani ilivyolipiwa. Unaongea mwezi mzima, kisha bili inaletwa, kisha unalipa au unakatiwa. Kampuni ndiyo iliyokuwa inakukopesha wewe, na ililazimika kujua unakaa wapi, una mshahara gani, na utalipa lini. Mkulima asiye na hati ya mshahara hakuwa na nafasi. Kadi ya kukwangua iligeuza mambo. Ulilipa kwanza, ukaongea baadaye. Kampuni ilipokea pesa ya huduma ambayo bado haijaitoa, haikuhitaji kukimbizana na wadeni, na iliweza kurudisha pesa hiyo kwenye mitambo mipya. Kadi zilipozidi kuwa za bei ya chini, hata mwenye shilingi ishirini akawa mteja. Safaricom ilitoza kwa sekunde, KenCell kwa dakika, na ubishi wa ni ipi iliyo nafuu ulijaza matatu nyingi.

Siku hizi mkopo umegeuka tena upande mwingine. Anayeomba Okoa Jahazi anakopeshwa na kampuni, na hukatwa asilimia 10 ya kiasi alichoomba. Inaonekana ndogo. Lakini ukikopa Sh50 asubuhi na kulipa jioni, umelipa Sh5 kwa mkopo wa saa chache, na ukifanya hivyo kila siku, kwa mwezi umelipa Sh150 bila kupata dakika moja ya ziada.

M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, nayo ina historia ya fedha ambayo haitajwi sana. Majaribio yake yalisaidiwa na ruzuku ya karibu pauni milioni 1 kutoka idara ya maendeleo ya serikali ya Uingereza, na Vodafone ikaweka kiasi kinachokaribiana na hicho. Ruzuku hiyo ilitolewa kwa sababu wakuu wa kampuni wenyewe hawakuwa na hakika kwamba kutuma pesa kwa simu kungelipa. Kilichofuata kilijengwa na mawakala. Kila mama au kijana mwenye duka la M-Pesa pale Keringet ameweka floti yake mwenyewe, yaani pesa taslimu na pesa ya simu, na analipa kodi ya duka na kubeba hatari ya kuibiwa. Kampuni haikujenga matawi kama benki. Mtaji wa matawi hayo ulitoka mifukoni mwa wafanyabiashara wadogo.

Jambo moja la kuondoa wasiwasi: pesa uliyonayo kwenye M-Pesa haijengi busta. Huwekwa benki chini ya wadhamini, mbali na pesa za kampuni yenyewe.

Hisa za 2008: nani alipata nini

Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2008, foleni za kununua hisa za Safaricom. Serikali iliuza hisa bilioni 10, sawa na robo ya kampuni, kwa Sh5 kila moja. Watu waliuza ng'ombe, wengine walichukua mikopo. Maombi yalizidi hisa mara kadhaa, kwa hivyo wengi walipewa sehemu ndogo tu ya walizoomba na kurudishiwa salio. Biashara ilianza Juni 2008. Mwaka uliofuata bei ilikuwa imeshuka chini ya Sh3, na waliokopa kununua waliumia zaidi. Walionunua kwa akiba yao na wakavumilia miaka kadhaa wana hadithi tofauti.

Lakini hapa kuna jambo ambalo halikuelezwa vizuri wakati ule. Hisa hizo ziliuzwa na serikali, hazikuwa hisa mpya za kampuni. Kwa hivyo Sh50 bilioni zilizopatikana ziliingia Hazina ya Kitaifa, zikasaidia bajeti ya nchi. Hakuna busta hata moja iliyojengwa moja kwa moja kwa pesa ile. Kampuni ilipotaka mtaji wake yenyewe ilikwenda kwa benki na kwa wanunuzi wa hati fungani. Mwaka 2009 Safaricom iliuza hati fungani zilizoiletea Sh7.5 bilioni, na pesa hiyo lazima ilipwe na riba. Tofauti ni kama ile ya kuuza sehemu ya shamba la familia na kukopa kwa ajili ya kununua trekta. Pesa zote mbili ni pesa, ila moja inaingia kwa mwenye shamba na nyingine inaingia shambani.

Uuzaji wa Telkom Kenya ulikuwa wa aina hiyo ya kwanza pia. Mwaka 2007 kundi lililoongozwa na France Telecom lilinunua asilimia 51 kwa dola milioni 390. Serikali ilipata pesa, na kampuni ikapata mwenyeji mpya aliyetarajiwa kuleta mtaji. Mwenyeji huyo aliuza sehemu yake na kuondoka mwaka 2016. Mtaji wa nje huja kwa hesabu na huondoka kwa hesabu.

Waya wa baharini

Hadi 2009 intaneti yote ya Kenya ilipitia setilaiti, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Nchi za Afrika Mashariki na Kusini zilikuwa zimekubaliana kulaza waya wa pamoja chini ya bahari, uitwao EASSy, kwa msaada wa mikopo ya mashirika ya maendeleo. Mazungumzo yalichukua muda mrefu, kila nchi ikiwa na masharti yake. Kenya ilichoka kungoja. Iliungana na kampuni za simu za humu nchini na Etisalat ya Falme za Kiarabu, wakajenga waya wao, TEAMS, kutoka Fujairah hadi Mombasa kwa gharama ya takriban dola milioni 130. Upande wa Kenya ulishika asilimia 85, ukigawanywa kati ya serikali na kampuni, na Etisalat asilimia 15. Waya huo ulifika Mombasa Juni 2009. SEACOM, uliojengwa na wawekezaji wa kibinafsi, ulifuata Julai, na EASSy wenyewe ukaanza kazi 2010.

Kwa maoni yetu huu ndio mfano bora zaidi wa fedha za umma na za kibinafsi kufanya kazi pamoja katika sekta hii. Serikali haikubeba mzigo wote, na haikukaa kando. Iliweka sehemu yake mapema, ikawapa wengine ujasiri wa kuweka yao, na ushindani wa waya tatu ukashusha bei.

Kutoka Mombasa kwenda bara, serikali ilijenga mkongo wa kitaifa wa faiba unaoitwa NOFBI, na awamu yake ya pili ililipiwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Sasa kuna mpango wa kilomita 100,000 za faiba nchini, na mwaka 2023 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 390 kwa mradi wa kuharakisha uchumi wa kidijitali. Mikopo hiyo ni deni la taifa. Hulipwa na kila mtu anayenunua sukari, awe ana simu au hana, na kwa sababu hiyo mkazi wa Kiptagich ana haki sawa na wa Westlands ya kuuliza faiba inaelekea wapi.

Hesabu ya busta moja

Sasa turudi kwenye swali la baraza. Nambari zinazofuata ni za mfano tu, si bei ya kampuni yoyote, lakini mwendo wake ni wa kweli.

Tuseme kujenga busta kwenye kilima kunagharimu Sh9 milioni. Ndani yake kuna barabara ya kufikisha vifaa, msingi, mlingoti, mitambo, betri, stima au sola. Tuseme pia kuiendesha ni Sh150,000 kwa mwezi: dizeli au stima, mlinzi, kodi ya shamba, mafundi, na kuiunganisha na mtandao mkuu.

Bonde linalohudumiwa lina simu 600, na kila moja inatumia Sh15 kwa siku. Hiyo ni Sh9,000 kwa siku, Sh270,000 kwa mwezi. Inaonekana kuna faida. Lakini ndani ya pesa hiyo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 na VAT ya asilimia 16 inayotozwa juu yake. Zikitolewa, kampuni inabaki na takriban Sh202,000. Toa gharama ya kuendesha, zinabaki Sh52,000. Kurudisha Sh9 milioni kwa Sh52,000 kwa mwezi kunachukua miaka zaidi ya 14.

Na hapo hatujataja riba. Ikiwa milioni 9 zilikopwa kwa asilimia 14 kwa mwaka, riba peke yake ni Sh105,000 kwa mwezi, mara mbili ya kinachobaki. Busta hiyo haitajilipa kamwe. Mtaji wake utaendelea kuliwa na riba.

Peleka busta hiyo hiyo kwenye mtaa wa mjini Nakuru wenye simu 3,000 zenye matumizi yale yale. Mapato ni Sh1.35 milioni kwa mwezi, baada ya kodi ni zaidi ya Sh1 milioni, na baada ya gharama zinabaki kama Sh862,000. Kabla mwaka haujaisha imejilipa. Kampuni yenye Sh9 milioni mkononi na maeneo mawili mbele yake haihitaji kuwa na roho mbaya ili ichague mjini.

Mfano huu pia unaonyesha ni wapi panapoweza kurekebishwa. Ruzuku ya Sh5 milioni ikitolewa, kampuni inakopa milioni 4 tu, riba inakuwa karibu Sh47,000, na Sh52,000 zinaitosha, ingawa kwa shida. Kampuni ya pili ikipandisha mitambo yake kwenye mlingoti huo na kulipa kodi ya Sh40,000 kwa mwezi, mambo yanaanza kueleweka. Stima ikifika na kuondoa dizeli, nafuu inaongezeka. Ndiyo maana utaona milingoti mingi siku hizi haimilikiwi na kampuni za simu. American Tower ya Marekani, iliyoingia Kenya mwaka 2018 kwa kununua milingoti ya Telkom, kazi yake ni kukodisha nafasi kwa kampuni yoyote inayotaka.

Mfuko wa maeneo yaliyoachwa

Kwa kuwa hesabu ya soko inawaacha watu, sheria iliunda Mfuko wa Huduma kwa Wote. Uliwekwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2009, na unasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Kampuni zenye leseni huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka, na kanuni zinaruhusu hadi asilimia 1. Kwa hivyo kila unapoweka krediti, senti kidogo inaelekea huko.

Mfuko hufanya kazi kwa ushindani. Mamlaka hutaja kata ndogo zisizo na huduma, kampuni zinaomba, na inayotaka ruzuku ndogo zaidi ikiwa imetimiza masharti ndiyo hupewa. Kabla ya hapo utafiti wa mapengo ulifanywa mwaka 2016, na awamu ya kwanza ikalenga kata ndogo 78 pamoja na kuunganisha shule za sekondari 896 na intaneti. Sehemu kubwa ya kata hizo ni za kaunti kavu za kaskazini, na hilo ni sawa, kwa sababu kule kuna watu wanaotembea siku nzima bila kuona mnara.

Tatizo la maeneo kama yetu ni la aina nyingine. Kwenye ramani, kata ndogo iliyo na mtandao juu ya kilima inahesabika kuwa imefikiwa, hata kama bonde lake lote liko kimya. Ramani hupigwa kwa kompyuta na kwa magari ya kupima yanayopita barabarani. Haiingii kwenye boma la mtu. Ndiyo maana malalamiko yaliyoandikwa vizuri yana nguvu kuliko kelele za baraza. Barua inayotaja jina la kata ndogo, shule na zahanati zilizopo, idadi ya boma, mahali hasa mtandao unapokatika na wa kampuni gani, ikipitia kwa naibu wa chifu na msimamizi wa wadi hadi kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ni ushahidi ambao mpimaji anaweza kuja kuuthibitisha.

Kodi na ada, pamoja na zetu

Ni rahisi kwa ofisi ya umma kulaumu kampuni na kunyamaza kuhusu kodi. Tusinyamaze. Ukichanganya ushuru wa bidhaa na VAT, katika kila Sh100 unayotumia kwa krediti, karibu Sh25 ni kodi. Ushuru wa bidhaa ulipandishwa kutoka asilimia 15 hadi 20 mwaka 2021, kisha ukarudishwa 15 Julai 2023. Kwa mtu wa mjini ni usumbufu. Kwa bonde la simu 600 katika mfano wetu, ni tofauti kati ya busta kuja na kutokuja.

Kaunti nazo hutoza ada kwa milingoti na kwa mitaro ya faiba, kulingana na Sheria ya Fedha ya kila kaunti. Ada hizi ni mapato halali. Barabara ikichimbwa lazima mtu airudishe ilivyokuwa. Lakini Kifungu cha 209 cha Katiba kinakataza kaunti kutoza kwa njia inayoumiza sera za uchumi wa nchi au biashara inayovuka mipaka ya kaunti, na faiba ni kitu kinachovuka mipaka kwa asili yake. Ada ya mlingoti ikiwa ni ile ile mjini na Tinet, inaumiza Tinet zaidi. Hili ni jambo ambalo mkazi anaweza kulisema wakati Mswada wa Fedha wa kaunti unapoletwa kwa maoni ya umma, na mara nyingi vikao hivyo huhudhuriwa na wenye maduka na matatu tu.

Wakija kuomba shamba lako

Mlingoti lazima usimame juu ya ardhi ya mtu. Wakala wa kampuni huja, anapenda kilima chako, anazungumzia kodi ya kila mwaka. Kuna familia zimesomesha watoto kwa pesa hiyo, na kuna zilizogombana hadi mahakamani kwa sababu yake.

Matapeli tuwataje kwanza. Ukipata ujumbe kwamba shamba lako limechaguliwa na utume ada ya usajili au ya upimaji, usitume kitu. Kampuni halali ndiyo inayokulipa wewe, na gharama za kupima ni zake.

Wakiwa ni halali, soma mkataba pamoja na wakili, hata kama ni kumlipa wa saa moja. Mikataba hii hudumu miaka mingi, mara nyingi kumi au zaidi, kwa hivyo kodi ambayo haipandi itakuwa haina maana mwisho wake. Uliza inapanda kwa kiasi gani na baada ya muda gani. Uliza kama wataruhusu kampuni nyingine kupanda kwenye mlingoti na kama wewe utapata chochote. Uliza nani atang'oa msingi wa zege siku watakapoondoka. Kama shamba ni la ndoa, idhini ya mume au mke inahitajika. Kama ni shamba la kilimo, kukodisha kunahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na bila idhini hiyo mkataba ni batili. Kama hatimiliki bado iko kwa jina la marehemu mzee, maliza urithi kwanza. Hapo ndipo ugomvi wa ndugu huanzia. Pesa hiyo pia ni mapato, na KRA itataka sehemu yake.

Kampuni yenyewe hutakiwa kupata kibali cha mipango kutoka kaunti, idhini ya NEMA kuhusu mazingira, na ya mamlaka ya usafiri wa ndege kuhusu urefu. Ikiwa mlingoti utasimama ndani ya msitu, kama upande wa Mau, kuna leseni maalumu ya Huduma ya Misitu. Majirani wana haki ya kutoa maoni kwa NEMA kabla ya ujenzi, na wenye hofu ya mionzi wapeleke maswali yao huko, wakati huo, kuliko kuzuia lori mlingoti ukishafika.

Bila kungoja mlingoti

Zipo njia nyingine ndogo. Starlink ilianza kuuza huduma Kenya Julai 2023, na haijali kilima wala bonde mradi anga liko wazi. Bei ya kifaa na ya mwezi ni kubwa kwa boma moja, lakini shule, zahanati au chama cha ushirika cha maziwa kinaweza kuibeba. Mamlaka ya Mawasiliano pia ina aina ya leseni ya mitandao ya jamii, inayoruhusu kikundi cha wakazi kujenga na kuendesha intaneti ya eneo lao. Tunapanda kule Kibera ni mfano wa kikundi kinachofanya hivyo.

Tatizo la simu yenyewe nalo lina mikopo yake. Mpango wa Lipa Mdogo Mdogo ulioanza 2020 ulimwezesha mtu kuchukua simu ya 4G kwa kuweka Sh1,000 na kulipa Sh20 kwa siku kwa miezi tisa. Jumlisha mwenyewe kabla ya kutia sahihi: ni karibu Sh6,400, na ukichelewa simu hufungwa.

Kwa wanaotaka mambo haya yaingie kwenye mipango ya kaunti, kama vile barabara ya kufika kilimani, stima, faiba ya zahanati au kituo cha kidijitali cha wadi, kalenda ya sheria ni hii. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwa Bunge la Kaunti kufikia 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha hufika kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Vikao vya maoni hufanyika kabla ya tarehe hizo, na matangazo yake hubandikwa katika ofisi ya msimamizi wa wadi. Maoni ya maandishi hupokewa hapo hapo, kwa Kiswahili au Kiingereza. Weka nakala iliyopigwa muhuri.